Sura ya Sita: Hivi Kweli Hapa Ndipo Katikati ya Tanzania?

Swali hili huulizwa zaidi ndani ya basi kuliko darasani. Gari limetoka Dodoma asubuhi, limepita majaruba ya mpunga ya Bahi, limeingia Mkoa wa Singida upande wa Kintinku, kisha limeupanda mlima wa Saranda taratibu nyuma ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Huko juu hewa hubadilika, na vichaka husogea karibu na lami. Kabla ya kufika Manyoni mjini, abiria mmoja wa dirishani hutoa sauti: "Si ndiyo hapa wanaposema katikati ya nchi?" Jirani yake huitikia kwamba ndiyo, panaitwa Sukamahela. Wa tatu, ambaye alikuwa amesinzia, hufumbua macho na kuuliza swali la maana kuliko yote: nani alipima?

Wenye magari yao husimama penye bango la katikati ya nchi. Mmoja hutanua mikono, wa kulia mashariki, wa kushoto magharibi, kana kwamba anaigawa nchi mwenyewe. Watoto hurukaruka ili wapigwe picha wakiwa hewani. Mama wa familia hujitanda khanga upya, hutazama kamera bila kutabasamu, kama wanavyofanya wengi waliolelewa kuamini kwamba picha ni jambo la heshima. Dakika kumi baadaye picha iko kwenye makundi ya ukoo ya WhatsApp, na chini yake maneno: "Tupo katikati ya Tanzania."

Sura hii inamjibu yule abiria aliyeamka usingizini. Jibu lake lina sehemu mbili, nazo hazifanani.

Katikati kwa kanuni ipi?

Mstari una katikati moja, na duara lina katikati moja. Nchi haina umbo la mstari wala la duara. Tanzania ina pembe iliyochomoza Kagera, ina mkunjo kufuata Ziwa Tanganyika, ina pwani iliyobonyea na kutokeza, ina visiwa. Umbo la namna hiyo lina katikati nyingi, kila moja ikitegemea kanuni uliyochagua kabla ya kuanza kupima. Kanuni zinazotumika zaidi ni tatu.

Ya kwanza ni ya mistari, na mwanafunzi yeyote wa jiografia anaweza kuifanya. Latitudo ni mistari ya kufikirika inayozunguka dunia kutoka mashariki hadi magharibi, na hutuambia tuko kaskazini au kusini mwa ikweta kwa kiasi gani. Longitudo ni mistari inayokwenda kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, na hutuambia tuko mashariki au magharibi kiasi gani. Tanzania inaanza karibu na nyuzi 1 kusini mwa ikweta na kuishia karibu na nyuzi 11 na dakika 45. Kwa upande mwingine inaanzia nyuzi 29 na dakika 21 mashariki hadi nyuzi 40 na dakika 25 hivi. Jumlisha kila jozi, gawa kwa mbili. Utapata nyuzi 6 na dakika 22 kusini, nyuzi 34 na dakika 53 mashariki.

Mji wa Manyoni uko karibu na nyuzi 5 na dakika 45 kusini, nyuzi 34 na dakika 50 mashariki. Tofauti ya mashariki na magharibi ni ndogo mno. Tofauti ya kusini ndiyo kubwa: dakika 37, ambazo ardhini ni takribani kilomita 70. Kwa kanuni ya mistari, basi, katikati ya Tanzania iko kusini mwa mji wa Manyoni, mbali na barabara kuu, lakini bado ndani ya Wilaya ya Manyoni.

Kanuni ya pili ni ya kitovu cha eneo. Chukua ramani ya nchi, ibandike kwenye kadibodi, ikate kwa mkasi kufuata mipaka. Iweke juu ya ncha ya penseli uisogezesogeze mpaka itulie bila kuinama upande wowote. Pale ilipotulia ndipo kitovu cha eneo. Njia hii inaonekana ya kitoto, lakini mwaka 1918 wapima ardhi wa serikali ya Marekani waliitumia kutafuta katikati ya nchi yao, wakapata mahali karibu na mji mdogo wa Lebanon, katika jimbo la Kansas. Siku hizi kompyuta hufanya kazi ya penseli. Kwa Tanzania, njia hii nayo huangukia sehemu zilezile za kusini mwa Manyoni.

Ya tatu ni kitovu cha watu. Hapa haupimwi udongo. Kila mkazi huhesabiwa kama uzito mmoja, na kinachotafutwa ni mahali ambapo uzito wa wakazi wote unalingana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikuwa na zaidi ya milioni 5.3. Jiji hilo huvuta kitovu kuelekea pwani, na mikoa ya Kanda ya Ziwa yenye watu wengi hukivuta kurudi kaskazini-magharibi. Kitovu cha watu huhama kila sensa, kwa hiyo hakuna anayeweza kukijengea mnara wa kudumu.

Kwa ufupi: kwa kanuni mbili kati ya tatu, Manyoni ina haki ya kuitwa katikati ya nchi. Kinachobaki ni mahali hasa.

Je, ziwa nalo linahesabika?

Hata ukishachagua kanuni, ugomvi haujaisha. Ni lazima uamue nchi ni nini.

Anza na Zanzibar. Kabla ya Aprili 26, 1964, mpimaji wa Tanganyika asingekuwa na sababu ya kuihesabu. Baada ya Muungano ni lazima aihesabu. Je, kitovu kilihama? Hesabu yake si ngumu. Kila kipande cha nchi huvuta kitovu upande wake kwa vitu viwili, ukubwa wake na umbali wake, kama jiwe kwenye mzani wa sokoni lililosogezwa mbali na mshikio. Visiwa vya Zanzibar vina takribani kilomita za mraba 2,500. Nchi nzima, pamoja na maji ya ndani, ina takribani 945,000. Hiyo haifiki sehemu 3 katika kila 1,000. Umbali wa kutoka Manyoni hadi Unguja kwa mstari ulionyooka ni kilomita 500 na kitu. Zidisha: kitovu kinasogea kuelekea baharini kwa kilomita moja na kidogo. Muungano, uliobadilisha jina la nchi, bendera na katiba, uliisogeza katikati yake kwa mwendo ambao mtu anautembea kwa robo saa.

Ziwa Victoria ni habari nyingine. Lina takribani kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake ni ya Tanzania. Hiyo ni zaidi ya sehemu 3 katika kila 100 za nchi nzima, nayo iko mbali, kilomita 500 hivi kaskazini-magharibi mwa kitovu. Ukiamua kuhesabu nchi kavu peke yake, kuliondoa ziwa hilo kunakisukuma kitovu upande wa pili kwa karibu kilomita 18. Ondoa na sehemu ya Ziwa Tanganyika, kinasogea tena kuelekea mashariki.

Kisha kuna Ziwa Nyasa. Tanzania inasema mpaka wake na Malawi unapita katikati ya maji. Malawi inasema unapita ufukweni, upande wa Tanzania. Mzozo huo haujamalizika. Maana yake ni kwamba mpimaji wa Dodoma na mpimaji wa Lilongwe, wote wakiwa waaminifu na wote wakitumia kompyuta ileile, watapata katikati mbili tofauti za Tanzania.

Kwa hiyo bango linaposema "hapa", linajumlisha maamuzi ya watu: mipaka ipi, maji yapi, visiwa vipi, kanuni ipi. Hilo halilifanyi kuwa la uongo. Linalifanya kuwa makubaliano.

Alama hufuata barabara

Hapa ndipo penye siri ya Sukamahela, na ya alama nyingi za namna hii duniani.

Wale Wamarekani wa mwaka 1918 walipopata kitovu chao, kiliangukia kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba hakutaka wageni wakimkanyagia mali yake. Wenyeji wa Lebanon wakajenga alama yao kiasi cha mita 800 pembeni, mahali gari linapoweza kufika. Mwaka 1959 Alaska na Hawaii zikaingia kuwa majimbo, na katikati ya nchi nzima ikaruka mpaka Dakota Kusini, malishoni. Mnara wa kuitambulisha ukajengwa katika mji wa Belle Fourche, takribani kilomita 30 kutoka penyewe. Mji wa Rugby, Dakota Kaskazini, unaojitaja kuwa katikati ya bara zima la Amerika Kaskazini, ulihamisha rundo lake la mawe mwaka 1971 kwa sababu barabara ilikuwa inapanuliwa.

Greenwich, London, ni mfano wa kuheshimika zaidi. Mwaka 1884 mataifa yalikubaliana kwamba longitudo sifuri ipite kwenye kituo cha kutazamia nyota cha pale. Watalii husimama mguu mmoja huku na mwingine kule juu ya mstari wa chuma, wakipigwa picha. Wakiwasha simu, hushangaa: satelaiti zinaonyesha sifuri ikiwa mita 102 mashariki mwa mstari huo. Sababu ni kwamba vipimo vya leo huanzia kwenye kiini cha dunia nzima, na vile vya zamani vilitegemea mvutano wa ardhi ya pale pale.

Nyumbani Afrika Mashariki mifano imejaa. Mnara wa Saa wa Arusha husemwa kuwa uko nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Kwa msafiri wa gari wa enzi za wakoloni maneno hayo yalikuwa na mantiki, maana njia yake ilipita Arusha. Lakini ukivuta kamba iliyonyooka kutoka mji mmoja hadi mwingine juu ya tufe la dunia, nusu yake huangukia kwenye misitu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, takribani kilomita 1,300 magharibi mwa mnara. Huko hakuna hoteli, hakuna stendi, hakuna mpiga picha.

Na hata Kilimanjaro. Bango la kilele cha Uhuru husema mita 5,895, kipimo cha mwaka 1952. Wapimaji waliotumia satelaiti mwaka 1999 walipata 5,892. Bango limebaki na namba ya zamani, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye vitabu, kwenye vyeti vya wapandaji na vichwani mwa watu.

Sukamahela iko ndani ya desturi hii. Hesabu inasema kitovu kiko kusini, kwenye ardhi ambayo basi la Mwanza haliwezi kuifikia. Barabara kuu iko kaskazini. Alama ya katikati ya nchi ambayo hakuna anayeifikia haimfai mtu yeyote. Ile ambayo dereva anaweza kuiegeshea gari hugeuka kuwa ya taifa. Mwandishi wa sura hii anaona uamuzi huo ni wa busara, mradi usemwe waziwazi.

Kwa nini tunataka tuonekane hapo

Kama mahali penyewe pamesogezwa, kwa nini watu husimama?

Mazoea ya kupigia picha mahali penye maana hayakuja na simu. Kwa miaka mingi studio za miji ya Afrika Mashariki zilitundika mapazia yaliyochorwa bahari, ndege, majumba na bustani, na mteja alichagua safari yake kwa kusimama mbele ya pazia. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wapiga picha walikuwa na vibanda vilivyopambwa kwa rangi na maua, na watu wa bara waliofika pwani walipigwa picha hapo ili nyumbani waaminike kwamba walifika. Mbele kidogo, Barabara ya Moi, zile pembe kubwa za ndovu za bati la alumini, zilizowekwa miaka ya 1950 kupokea wageni wa kifalme wa Uingereza, zilibaki baada ya ufalme kuondoka na zikawa za Wamombasa. Wageni wenyewe wamesahaulika. Picha chini ya pembe ni ushahidi wa Mombasa.

Mwanza wana Jiwe la Bismarck linalochomoza ziwani. Singida mjini kuna majabali ya mviringo yaliyobebana pembezoni mwa maziwa ya Singidani na Kindai, na hakuna harusi inayopita hapo bila maharusi kushuka. Lakini jiwe hujieleza lenyewe kwa macho. Katikati ya nchi haionekani. Vichaka vya Manyoni ni vilevile mita mia moja kabla na mita mia moja baada. Bila maandishi, msafiri angepita. Ndiyo maana picha ya mahali kama Sukamahela hupigwa tofauti: mtu husimama pembeni ili maandishi yasomeke. Bango ndilo mgeni rasmi, yeye ni shahidi wake.

Kayabwe, nchini Uganda, kilomita 70 na kitu kutoka Kampala kwenye barabara ya Masaka, wamelielewa jambo hili vizuri. Pete mbili kubwa nyeupe za zege zimesimama kila upande wa lami kuonyesha ikweta, na mtu huingia katikati ya pete apigwe picha, mkono mmoja kaskazini, mwingine kusini. Karibu yake kuna maduka, chakula, vinyago. Kuna pia mchezo wa mabeseni: maji yenye ua juu yake hutiririka kwenye tundu yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari, upande wa pili kusini, na bila kuzunguka juu ya mstari wenyewe. Mgeni aufurahie mchezo, lakini asidanganyike. Ni kweli mzunguko wa dunia hugeuza pepo kubwa na vimbunga kwa upande tofauti kusini na kaskazini. Kwenye beseni, hatua chache kutoka ikweta, nguvu hiyo ni ndogo kiasi kwamba namna maji yalivyomiminwa huishinda kabisa. Anayeamua ni mkono wa mwenye beseni.

Kwa ufupi: watu hawapigi picha hesabu. Wanapiga picha dai, na dai lenye nguvu ni lile ambalo mahali pengine hapawezi kulirudia.

Dodoma na maana ya kuwa katikati

Watanzania wana sababu yao ya kulipenda neno "katikati". Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na moja ya hoja kubwa ilikuwa kwamba mtu wa Kigoma, wa Mtwara na wa Mara wote wasilazimike kwenda hadi ukingo wa bahari kuifuata serikali yao. Uhamisho ulichukua miongo. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yake inahamia, na mwaka 2018 sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ilipitishwa.

Lakini Dodoma si katikati ya kadibodi. Iko mashariki, takribani kilomita 130 kwa barabara kutoka Manyoni. Ilichaguliwa kwa reli, kwa njia panda za barabara, kwa siasa na kwa ukaribu wa kutosha. Manyoni ikabaki na kitovu chenyewe, na kazi yake ya siku zote ya kupitisha wasafiri: misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka nchi hii ya Wagogo, kisha reli ya kati ikafuata, kisha lami. Watu wengi wameifahamu Manyoni kama mahali pa kuchimba dawa, kunywa chai na kununua asali. Alama ya kitovu inawapa sababu ya pili ya kushuka garini, na wilaya inastahili kuitumia kwa faida ya wakazi wake.

Ukisimama Sukamahela

Kijiji hiki ni zaidi ya bango. Kina mashamba, shule, watu wanaokwenda kisimani, na makazi ya wazee na ya watu waliopata ulemavu kwa ugonjwa wa ukoma, ambao jamaa zao wengi hawakuwapokea tena. Wakazi hao si pambo la picha ya mtu. Mwombe ruhusa unayetaka kumpiga picha, umwamkie kwanza, na akikataa, mshukuru uendelee.

Mambo mengine ni haya:

- Toa gari lote nje ya lami. Malori yaliyomaliza kupanda Saranda huongeza mwendo mara tu yanapopata tambarare.
- Usiwasimamishe watoto kwenye mstari wa katikati ya barabara kwa ajili ya picha.
- Nunua kitu kwa mwenyeji. Karanga, alizeti, asali, kuku wa kienyeji: Singida haina upungufu.

Kwa wenye mamlaka ya kuweka mabango, ombi ni dogo. Bango la katikati ya nchi liandikwe kwa Kiswahili kanuni iliyotumika, mwaka wa kupimwa, na namba za latitudo na longitudo za mahali lilipo na za kitovu kilichokokotolewa. Lionyeshe kwa mshale upande kitovu hicho kilipo. Mwanafunzi atakayepita hapo na shule yake atajifunza jiografia zaidi kwa dakika tano kuliko kwa kukariri mipaka kwa muhula mzima.

Na wewe msomaji, safari ijayo ukipita hapo, washa ramani ya simu kabla ya kuwasha kamera. Soma namba mbili itakazokupa, ya kusini na ya mashariki, uziandike chini ya picha yako, ili atakayeiona ajue hasa uliposimama.